JENERETA KWENYE PIKAPU: USILALE KARIBU NA MOSHI USIOUONA



Kila mwaka ikifika Novemba joto la Muscat hupungua na safari za kwenda kulala nje huanza. Alhamisi jioni pikapu hupakiwa mahema, mikeka, madumu ya maji na mkaa wa mishkaki, pamoja na jenereta ndogo ya petroli ili watoto wapate taa na simu zipate chaji. Wengine huelekea kwenye mchanga wa Sharqiya, wengine Jebel Shams, na wengine pwani ya Fins. Ni starehe nzuri na hatumkatazi mtu. Leo tunataka kukumbushana jambo moja tu: hiyo jenereta inakaa wapi wakati nyinyi mmelala?

Jenereta si kitu kigeni kwetu. Waliokuwepo Unguja umeme ulipokatika karibu mwezi mzima mwaka 2008, na tena kiasi cha miezi mitatu kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, wanakumbuka ngurumo zake kila mtaa. Tulijifunza kuiwasha. Wengi wetu hatukujifunza pa kuiweka.

GESI GANI HII?

Injini ya petroli hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haikerehi koo. Harufu ya moshi unayoisikia ni ya vitu vingine, kwa hiyo usiseme "sisikii moshi, basi niko salama". Ukiivuta, gesi hii hushika kwenye damu mahali pa oksijeni, na hushika kwa nguvu zaidi ya mara 200. Moyo na ubongo hukosa oksijeni huku mtu akiendelea kupumua kama kawaida. Aliyelala anaweza kufa bila kuamka.

Walio hatarini zaidi ni watoto, wazee, wenye maradhi ya moyo, wenye upungufu wa damu na kina mama wajawazito, kwani gesi humfikia pia mtoto aliye tumboni.

KWA NINI BODI YA PIKAPU NI PAHALA PABAYA?

Watu huiacha jenereta humo humo kwenye bodi kwa kuwa ni nzito na hawataki iingie mchanga. Kisha pikapu huegeshwa ubavuni mwa hema ili ikinge upepo. Hapo ndipo kosa linapoanza. Upepo ukigonga gari huzunguka nyuma yake na kuurudisha moshi pale pale mlipo. Kama bodi imefunikwa kwa turubai, moshi hujaa ndani. Kidirisha cha nyuma cha gari kikiwa wazi, huingia kwa aliyelala kwenye viti. Na wenye karavani wajue kuwa bodi iko karibu usawa mmoja na madirisha yao.

Kufungua dirisha au mlango wa hema hakutoshi kuwaokoa.

UFANYE NINI?

1. Ishushe jenereta. Iweke chini juu ya ubao, mahali pa wazi, si chini ya mita 6 kutoka kwenye hema, gari au karavani. Zaidi ya hapo ni bora. Chukua waya mrefu wa nje ulio mzima.

2. Elekeza bomba la moshi mbali na watu, na iwe upande ambao upepo unakwenda. Upepo ukigeuka usiku, nawe ihamishe.

3. Izime kabla ya kulala. Hii ndiyo kinga kubwa kuliko zote. Taa ya betri inatosha hadi asubuhi.

4. Nunua king'ora cha kaboni monoksaidi cha betri, ukitundike ndani mnamolala.

5. Usiongeze petroli injini ikiwa ya moto. Zima, ngoja kiasi cha dakika 15. Na usijaze dumu likiwa juu ya bodi iliyotandikwa plastiki, kwani umeme tuli unaweza kutoa cheche. Liweke chini kwanza.

6. Mkaa nao hutoa gesi hiyo hiyo. Jebel Shams baridi huweza kushuka chini ya nyuzi 0, na mtu hushawishika kuingiza jiko hemani. Usifanye hivyo, hata makaa yakiwa yamebaki mekundu bila moshi. Ongeza blanketi.

7. Usilale ndani ya gari injini ikiunguruma, hasa kama bomba lake limezama mchangani.

DALILI ZAKE

Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, kulegea na kuchanganyikiwa. Tatizo ni kwamba dalili hizi hufanana na za chakula kibaya, na mara nyingi lawama huangukia biriani la mchana. Jiulize: je, tumeumwa wengi kwa pamoja? Je, waliolala mbali hawana kitu? Je, tukitoka nje tunapata nafuu? Kama ndiyo, ishuku gesi.

MTU AKIZIDIWA

Toeni watu wote nje kwenye hewa safi kwanza, kisha mmoja azime jenereta. Pigeni 9999. Kama hapumui na mnajua huduma ya kwanza, anzeni kumsaidia mara moja. Mahali ambapo simu haishiki, mpakieni na mwelekee hospitali. Kwa walio Sharqiya, Ibra kuna hospitali. Mkifika semeni wazi: "Tulikuwa na jenereta karibu." Neno hilo humwelekeza daktari. Kile kipimo cha kubana kidole kinaweza kuonesha kuwa oksijeni iko sawa wakati haiko sawa, kwa hiyo kisiwadanganye.

Msiridhike kwa kuwa mgonjwa ameamka. Kwa hewa ya kawaida nusu ya gesi huchukua saa 4 hadi 6 kutoka kwenye damu. Kwa oksijeni ya hospitali huchukua kiasi cha saa moja hadi moja na nusu. Kumbukumbu na akili zinaweza kuathirika hata siku nyingi baadaye, basi mrudisheni kwa daktari mkiona mabadiliko.

Ndugu zangu, kabla hamjafunga zipu ya hema, mmoja wenu asimame nje asikilize. Kama jenereta bado inanguruma, hamjawa tayari kulala. Kinga ni bora kuliko tiba. Safari njema.