Oda ya Haraka Ilivyonila Mtaji: Kwa Mnaouza Tofali za Kufungamana Mtandaoni

Leo sileti mbinu ya kupata wafuasi, naleta hasara yangu mwenyewe.

Nauza tofali za kufungamana kupitia WhatsApp na Instagram. Ni zile za udongo na sementi kidogo, zinashindiliwa kwa mashine ya mkono, hazichomwi, na zinaingiana zenyewe. Hapa Tanzania wakala wa serikali wa utafiti wa nyumba bora, NHBRA, wamezihamasisha kwa miaka mingi. Saizi yake ni sentimita 30 kwa 15 kwa 10.

Mama mmoja wa Kibaha akaniandikia: mwanangu, nataka 900, mvua inakaribia. Nilikuwa na 900 kamili, ila zina siku 9 tu. Nikajisemea si zimekauka? Nikapakia.

Kumbe kukauka na kukomaa ni vitu viwili. Sementi inahitaji maji ili ishike. Tofali inatakiwa imwagiliwe na kufunikwa angalau siku 7 za mwanzo, kivulini, halafu ikae mpaka ifikishe 28. Zangu zilifika Kibaha 240 zikiwa zimemeguka kona. Tofali ya kawaida ikimeguka fundi anaziba na maisha yanaendelea. Hii ikimeguka mdomo haikai, na ukuta unaanza kupinda. Nikalipa tofali, nikalipa na gari mara mbili. Mtaji wote ukaisha. Mama wa watu akaongeza mwezi kwenye nyumba ya kupanga, na kusema kweli hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Siku hizi kila rundo lina tarehe iliyoandikwa kwa chaki, na picha ninayoposti lazima ionyeshe hiyo tarehe. Mteja akija na haraka namwambia rundo hili linaiva tarehe fulani, weka oda. Wengine wanaondoka. Sawa tu.

Udongo nao usichukue popote. Mfinyanzi mwingi unapasuka, mchanga mtupu haushikani. Tia udongo kwenye chupa na maji, tikisa, uache utulie: mchanga unashuka kwanza, mfinyanzi unabaki juu, unaona mwenyewe kipi kimezidi. Maji ya kuchanganyia unapima hivi: finyanga donge, liachie kutoka usawa wa kifua. Likisambaratika kabisa, maji hayatoshi. Likibaki donge moja lililobonyea, yamezidi. Likigawanyika vipande vinne au vitano, shindilia. Video ya donge hilo imeniletea wateja kuliko matangazo yote niliyolipia!

Halafu acheni "bei njoo inboksi". Mteja hajui anahitaji ngapi, mpigie hesabu pale pale. Mita moja ya mraba inakula tofali 33 hivi. Chumba cha mita 3 kwa 3, kimo mita 2.4, ukitoa mlango mmoja na dirisha moja unabaki na mita za mraba 25 na nusu. Hiyo ni kama tofali 850. Ongeza 5 kwa kila 100 za kuvunjika, mwambie 890. Gari litaje pembeni, usilifiche kwenye bei.

Kuhusu mazingira: ni kweli hatukati kuni za tanuru, na mimi najivunia. Ila sementi bado ipo ndani, kwa hiyo usiandike kwamba hazina madhara yoyote. Na mteja wangu hanunui kwa sababu ya msitu, ananunua akisikia ukuta hauli sementi nyingi ya kupangia na si lazima upigwe plasta. Anza na hilo.

Jambo la mwisho, wengi hawalisemi wakiogopa kukosa oda. Msingi uwe wa mawe au zege, uinuke juu ya ardhi, na paa litoke nje vizuri ili mvua isipige ukuta. Mimi namtumia mteja kwa sauti kabla hajalipa, na namwomba amsikilizishe fundi wake.

Yule mama alimalizia chumba chake. Tofali za choo amenunua kwangu, ila alikuja mwenyewe kusoma chaki.