Jua Haki Zako: Ardhi, Jina na Faragha katika Mahakama za Kenya

Migogoro ya ardhi, ya kuharibiana jina na ya faragha mara nyingi huangukia meza ya wakili mmoja nchini Kenya. Uingereza, ambako sheria nyingi za Kenya zilitoka, kazi hiyo imegawanywa: kuna mawakili wanaompokea mteja na kuandaa karatasi zake, na kuna wengine ambao kazi yao hasa ni kusimama mbele ya jaji na kutoa rai za kisheria. Kenya haikuuchukua mgawanyiko huo. Chini ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, wakili huyo huyo huandika mkataba, barua ya madai na hati ya kiapo, kisha huenda kuzitetea kortini mwenyewe. Cheo cha Wakili Mwandamizi ni heshima kwa mawakili wachache waliobobea. Hakimlazimu mwananchi kumwendea mwenye cheo hicho.

Kesi za aina hizi tatu zinafanana kwa jambo moja. Kile mwananchi anachokuja nacho mkononi, iwe hati, matusi au picha, kwa kawaida sicho ambacho mahakama hukipima. Pia kila aina ina muda wake wa kushtaki, na muda wa moja haulingani na wa nyingine.

Hati miliki ya ardhi ni ushahidi wa umiliki, na mahakama hutakiwa kuanza kwa kuiamini. Lakini kifungu cha 26 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinaruhusu ipingwe kwa njia mbili. Ya kwanza ni ulaghai au udanganyifu ambao mwenye hati amethibitishwa kuushiriki. Ya pili ni pana zaidi, nayo ndiyo inayowaangusha wengi: hati iliyopatikana kinyume cha sheria, bila kufuata utaratibu, au kwa mpango wa ufisadi. Katika njia hii ya pili mwenye hati anaweza kuwa hana hatia yoyote, na bado akaipoteza. Kifungu cha 40 cha Katiba ya 2010, kinacholinda mali, chenyewe kinasema ulinzi huo haufiki kwenye mali iliyopatikana isivyo halali.

Mahakama ya Juu ililiweka hilo wazi tarehe 21 Aprili 2023, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Kiwanja kilikuwa Nyali, kando ya bahari. Kiligawiwa kwanza mwaka 1989 kwa rais wa wakati huo, Daniel arap Moi, kisha kikauzwa hadi kikafika mikononi mwa kampuni hiyo. Kaunti ilibomoa ukuta ikisema hapo pana njia ya umma ya kuteremkia ufuoni. Kampuni ilikuwa na hati na ilikuwa imelipa, ikajitetea kuwa mnunuzi mwenye nia njema. Majaji walitaka kujua mzizi wa hati: ugawaji wa kwanza ulifanywaje? Walipoona haukufuata utaratibu, waliofuata wote wakawa wamenunua kitu ambacho muuzaji wa kwanza hakuwa nacho. Septemba ya mwaka huo huo, katika kesi ya Torino Enterprises, mahakama hiyo ikasema kwamba barua ya mgao si hati, na mwenye barua hiyo hana ardhi ya kumuuzia mtu mwingine.

Baada ya hukumu hizo, ile desturi ya kufanya upekuzi mmoja wa rejista na kulipa haitoshi tena. Upekuzi, ambao katika maeneo yaliyoingizwa kwenye mfumo wa Ardhisasa hufanyika mtandaoni, humwonyesha mnunuzi mmiliki wa leo pamoja na mikopo na mazuio yaliyopo. Hauonyeshi hati ilivyosafiri. Safari hiyo imo katika kadi ya kijani inayowekwa na msajili, katika faili ya ugawaji na katika ramani ya upimaji. Mnunuzi makini huziomba zote, humpeleka mpimaji kuzitafuta bikoni, na huwauliza majirani nani analima pale na tangu lini. Majirani hawatozi ada, na wameokoa wanunuzi wengi kuliko inavyodhaniwa.

Mkataba wa kuuziana ardhi lazima uwe wa maandishi, utiwe saini na pande zote na kushuhudiwa. Ndivyo inavyosema Sheria ya Mikataba, kifungu cha 3. Makubaliano ya mdomo mbele ya wazee yana uzito wa kijamii, lakini hayatoshi kufungulia kesi ya mkataba. Kwa shamba la kilimo, Sheria ya Udhibiti wa Ardhi inataka ombi la kibali cha bodi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Bila kibali mauzo huhesabiwa batili, ingawa majaji wamewahi kuwanusuru wanunuzi waliokabidhiwa shamba na kuliishi kwa miaka mingi. Na ikiwa mali ni ya ndoa, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inataka ridhaa ya mume na mke, hata kama hati ina jina la mmoja tu.

Anayehofia kwamba ardhi anayoidai itauzwa akiwa bado anatafuta wakili anaweza kuomba msajili aweke zuio katika rejista, lile ambalo wengi huliita kosheni. Zuio hilo halimalizi mgogoro. Linasimamisha uuzaji mpaka pande zote zisikilizwe, na aliyeliweka bila sababu ya maana anaweza kudaiwa fidia.

Muda wa kudai ardhi ni miaka 12. Ukipita, mwenye hati aliyenyamaza hupoteza haki ya kumfukuza aliyeishi humo wazi wazi, mfululizo na bila ruhusa, na mkaazi huyo anaweza kuiomba Mahakama ya Mazingira na Ardhi imsajili yeye kuwa mmiliki. Neno zito hapo ni ruhusa. Mpangaji, mlinzi wa shamba au ndugu aliyekaribishwa hawezi kudai kwa njia hii hata akae miaka 40. Wala haidaiwi ardhi ya umma.

Pwani jambo hili lina sura yake. Katika mitaa ya zamani ya Mombasa ipo desturi ya nyumba isiyo na ardhi: kiwanja ni cha mtu mmoja, nyumba iliyojengwa juu yake ni ya mwingine, na mwenye nyumba hulipa kodi ya ardhi. Kwa kanuni ya kawaida kilichojengwa juu ya ardhi hufuata ardhi, lakini mahakama za Kenya zimeitambua desturi hiyo kama hali ya pekee ya pwani. Kwa hiyo risiti za kodi ya ardhi hukata pande mbili. Zinathibitisha kwamba mwenye nyumba si mvamizi na kwamba kuta na bati ni zake. Papo hapo zinaonyesha kwamba alikaa kwa ruhusa, na dai la miaka 12 linaanguka. Familia inayoshtakiwa kwa uvamizi izitoe. Inayotaka kudai kiwanja chenyewe kwa ukaaji ijue kwamba mwenye ardhi atazitoa yeye.

Kuharibiwa jina kuna saa fupi kuliko zote. Sheria ya Ukomo wa Mashtaka, Sura ya 22, inatoa miaka 3 kwa madhara mengi ya kiraia, kisha inaondoa kashfa katika orodha hiyo na kuipa miezi 12 tu. Wanaopoteza haki hapa ni wengi, kwa sababu mwaka huisha wakingoja kuombwa radhi au wakienda na kurudi kituo cha polisi. Polisi si mlango wa dai hili: tarehe 6 Februari 2017 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kashfa kuwa jinai, kinakiuka Katiba. Kilichobaki ni kesi ya madai.

Mdai huonyesha kwamba maneno yalimhusu yeye, yalimfikia mtu wa tatu, na yanamshusha hadhi mbele ya watu wenye akili timamu. Ujumbe aliotumiwa mwenyewe kwenye simu, hata uwe mchafu kiasi gani, haujamfikia mtu wa tatu. Ukiwekwa katika kundi la WhatsApp la ukoo au la chama, umefika. Matusi matupu, ya mtu aliyepandwa na hasira, kwa kawaida si kashfa, kwa kuwa hakuna anayeyachukua kuwa habari. Kusema kwamba mweka hazina amekula michango ni jambo jingine kabisa. Maneno ya mdomo kwa kawaida humtaka mdai athibitishe hasara halisi, isipokuwa yakimgusa katika kazi au biashara yake, au yakimbandika kosa la jinai. Na aliyekwisha kufa hana dai: watoto hawawezi kushtaki kwa jina la marehemu baba yao.

Mdaiwa ana kinga zake. Ukweli ni kinga kamili, ila mzigo wa kuuthibitisha ni wake. Maoni ya haki juu ya jambo linalogusa umma yanalindwa yakisimama juu ya mambo ya kweli. Yaliyosemwa kortini au bungeni hayashtakiwi. Picha ya skrini, ambayo ndiyo silaha ya siku hizi, haitoshi ikiwa peke yake: kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kinachoeleza chombo kilichotumika na namna nakala ilivyotolewa. Simu yenyewe isiuzwe wala kufutwa kabla ya hukumu.

Kiasi cha fidia hukadiriwa na hakimu au jaji. Sheria ya Kashfa, Sura ya 36, imeweka sakafu mahali pawili: shilingi milioni 1 iwapo maandishi yalimbandika mdai kosa lenye adhabu ya kifo, na 400,000 iwapo kosa hilo linaadhibiwa kwa kifungo cha miaka 3 au zaidi. Kuomba radhi mapema hupunguza fidia bila kuifuta. Amri ya kuzuia chapisho kabla ya kesi kusikilizwa hutolewa kwa nadra, kwa kuwa majaji huogopa kumziba mtu mdomo kabla ya kumsikia.

Faragha inaanzia pale ambapo ukweli haumkingi tena aliyesema. Picha inaweza kuwa halisi na habari ya ugonjwa inaweza kuwa sahihi. Swali ni kama aliyeitoa alikuwa na haki ya kuitoa. Kifungu cha 31 cha Katiba kinamlinda mtu dhidi ya kupekuliwa mwili, nyumba au mali yake, kunyang'anywa vitu, kufichuliwa mambo ya familia au ya siri bila sababu, na kuingiliwa mawasiliano. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ikaongeza mlango mpya: Afisi ya Kamishna wa Kulinda Data, ambayo hutakiwa kukamilisha uchunguzi wa lalamiko ndani ya siku 90. Asiyeridhika na uamuzi hukata rufaa Mahakama Kuu. Kwa malalamiko ya data mahakama huelekea kumrudisha mlalamishi kwa Kamishna, kwa hiyo huko ndiko kwa kuanzia.

Maamuzi yaliyotangazwa Septemba 2023 yanaonyesha mlango huo unavyofanya kazi. Klabu moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini yake. Shule moja ilitozwa 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kampuni ya mikopo ya simu ilitozwa 2,975,000 kwa kuchukua namba za watu na kuzitumia kuwatisha. Fedha hizo ni adhabu, haziendi kwa mlalamishi. Anayetaka kulipwa lazima aombe fidia waziwazi chini ya kifungu cha 65, ambacho kinahesabu pia fadhaa isiyo na hasara ya pesa. Wengi hulisahau ombi hilo, wakashinda bila kupata kitu.

Tukio moja linaweza kufungua milango miwili. Mkopeshaji akiwatumia jamaa wote wa mkopaji ujumbe kwamba mtu huyo ni mwizi, ametumia namba za watu bila idhini na ameharibu jina. Lalamiko la data laweza kwenda kwa Kamishna, na kesi ya kashfa kortini. Lakini anayelipeleka la data na kungoja jibu asidhani kwamba saa ya miezi 12 imesimama.

Kuhusu korti yenyewe, Mahakama ya Madai Madogo, inayosifiwa kwa wepesi, haipokei kashfa wala mgogoro wa hati au umiliki wa ardhi. Kashfa hupelekwa kwa hakimu au Mahakama Kuu, na ardhi kwa hakimu aliyeidhinishwa au Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Mamlaka ya Hakimu Mkuu yanafika shilingi milioni 20. Kwa Kamishna mlalamishi anaweza kwenda bila wakili.

Anayeshindwa kwa kawaida hulipa gharama za mwenzake, hesabu ambayo yafaa ifanywe kabla ya kushtaki kwa sababu ya maneno ya kundi la WhatsApp. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 humsaidia asiye na uwezo katika migogoro mingi, ikiwemo ya ardhi, lakini imeiacha kashfa nje. Kabla ya kumlipa wakili, mteja aangalie kwa Chama cha Mawakili cha Kenya kama ana leseni ya mwaka huo. Ada iandikwe, ikionyesha kama inafika mpaka hukumu au inaishia kwenye barua ya madai. Mteja anayeona ametozwa kupita kiasi, na ambaye hakuwa amesaini makubaliano ya ada, anaweza kuomba bili ipelekwe kwa msajili wa mahakama ikadiriwe upya.