Hesabu ya vipimo kwenye pepinieri

Ndugu wakulima, wakati munajaza sashe za miche ya kahawa, iteni watoto wa shule. Kipimo ni hiki: beseni 3 za udongo mweusi, 1 ya samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, 1 ya mchanga.

Muulize mtoto: «Tukitia beseni 2 za samadi, udongo itakuwa ngapi?» Wengi watajibu 4, sababu wanaongeza 1 kila upande. Hapana. Samadi imekuwa mara 2, basi vyote mara 2: udongo 6, mchanga 2. Apime yeye mwenyewe.

Hata sisi wakubwa tunakosea hapo. Samadi ikizidi inaweza kuunguza mizizi. Beseni iwe ndogo ao kubwa, haina neno. Lakini tumieni ileile mpaka mwisho.