Somo la Novemba: Katekumeni Aliyekufa Akingoja Pasaka

Mwezi wa Novemba Mama Kanisa hutuita tuwakumbuke marehemu wetu. Mwaka jana, nilipokwisha kuwaeleza watu wa darasa langu habari za roho za toharani, mama mmoja mzee alibaki nyuma ya wenziwe akaniuliza: «Mwalimu, mume wangu alikufa katika mwaka wa pili wa mafundisho, hajapata maji. Je, jina lake liandikwe pamoja na majina ya Wakristu, ama ninyamaze?» Sikuweza kumjibu mara moja. Si kwa kuwa jibu sikulijua. Sauti ilinikwama, kwa maana ulizo lile lilikuwa langu pia. Basi leo ninamjibu yeye pamoja nanyi nyote, nami nitaanza na habari za baba yangu.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa mpira wa miguu. Shuleni hakukaa sana. Aliloweza kuandika vizuri ni majina ya wachezaji wake kumi na mmoja, na chini yao majina ya wale wa akiba. Kijiji chetu ki katika nyanda za juu za Marungu, katika nchi ya Padri Stefano Kaoze, yule aliyepadrishwa mwaka 1917, wa kwanza katika Kongo ya Wabelgiji. Huko kuna baridi, na uwanja wetu umeinama upande mmoja, hata timu inayocheza kuelekea mlimani huona taabu kweli kweli. Baba hakubadili desturi yake: kipindi cha kwanza vijana wake walipanda, cha pili walishuka.

Padri alikuwa amekataza mpira usichezwe kabla ya Misa. Kwa hiyo kila Dominika baba alikuja na mpira katika wavu, na filimbi shingoni, akaketi chini ya mkaratusi karibu na kanisa, akiwangoja wachezaji wake watoke. Yeye mwenyewe hakuingia. Aliwangoja hivyo miaka mingi, na madirisha ya kanisa letu hayana vioo. Baadaye alizoea kututania, akisema kwamba amesikia mahubiri mengi kuliko sisi wa ndani, kwa kuwa sisi tuliweza kusinzia, bali yeye alikuwa na mpira wa kulinda.

Katika siku zile timu zetu zilikuwa na desturi ambayo ninyi nyote mnaijua. Kabla ya mchezo mkubwa kila mchezaji alitoa fedha kidogo, akaitwa mganga, naye akafukia dawa chini ya goli. Baba aliikubali desturi ile, wala sitaficha neno hilo. Lakini siku moja, tulipocheza na watu wa ng'ambo ya mto, kipa wetu, kijana mwepesi sana, alisimama katikati ya goli kama mti, na mpira ukapita karibu na mkono wake. Baba akamwuliza: «Mbona hukuruka?» Kijana akajibu kwa unyofu wote: «Niruke kwa nini, na dawa ipo?» Baba hakumkemea. Usiku ule hakulala. Asubuhi alichukua jembe, akaenda uwanjani mbele ya macho ya watu, akaifukua dawa ile na kuitupa mtoni. Akasema kwamba yeye ndiye aliyemharibu mtoto wa watu, maana alimfundisha kutokuruka. Wiki ile ile alikuja kwangu. Mimi nilikuwa nimekwisha kuwa mwalimu wa dini; naye, baba yangu mzazi, alisimama mlangoni na kofia mkononi, akasema: «Mwalimu, niandike.»

Nilimwandika. Alipewa medali ya Bikira Maria, akaivaa pamoja na filimbi katika uzi mmoja. Ninyi mnajua kwamba Kardinali Lavigerie aliwaamuru Mapadri Weupe wawafundishe watu miaka minne kabla ya kuwabatiza. Siku hizi muda umepunguzwa, lakini baba alitumia miaka mitatu, kwa kuwa alikosa masomo kila wakati wa mashindano. Nilimwonya mara nyingi. Hata hivyo katika Dominika ya kwanza ya Kwaresima ya mwaka 2014 jina lake lilisomwa mbele ya taifa la Mungu pamoja na majina ya wale watakaobatizwa usiku wa Pasaka.

Siku 19 kabla ya Pasaka baba alishikwa na maumivu ya tumbo. Alikuwa na ngiri tangu zamani, uvimbe unaotoka na kurudi, naye aliudharau. Safari hii haukurudi. Ukawa mgumu kama jiwe, akaanza kutapika. Tulimpa majani ya kunywa. Tulimkanda. Usiku wa pili ndipo tulipotafuta watu wa kumchukua kwa kipoyi mpaka hospitali, tukakubaliana kuondoka kukipambazuka. Muuguzi alinieleza baadaye, na ninyi sikilizeni, kwa maana ni jambo la kuokoa maisha: ngiri ikikataa kurudi, na mtu akitapika, utumbo umenaswa na damu haipiti, hapo mgonjwa asikandwe, asingoje, apelekwe saa ile ile akapasuliwe.

Katika usiku ule wa pili baba aliniuliza: «Mwanangu, Pasaka imebaki siku ngapi?» Nikahesabu, nikamwambia 17. Akanyamaza kidogo, akasema: «Ni mbali.»

Mimi, ndugu zangu, ninayewafundisha kila mwaka kwamba katika hatari ya kufa mtu yeyote aweza kubatiza. Mimi niliyewasimamisha ninyi mmoja mmoja mnionyeshe jinsi ya kumimina maji juu ya kichwa na kutaja pamoja jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Mimi nilimshika baba mkono nikamwambia asiogope, atafika. Nilitaka abatizwe na Padri, katika usiku mkuu, na mshumaa, na vazi jeupe, na wachezaji wake wamezunguka. Mtungi wa maji ulikuwa karibu na goti langu. Jogoo wa kwanza alipowika alikuwa amekwisha kufa.

Mama akaniambia: «Mbatize sasa.» Ikanibidi nikatae, kwa kuwa masakramenti ni ya walio hai. Siwezi kueleza jinsi alivyonitazama.

Kilio kilipoanza, wakubwa wa ukoo walikusanyika nyuma ya nyumba. Wakasema: kumbukeni, alifukua dawa za watu, kumbukeni ni mchezo gani, tena yule mzee wa ng'ambo ya mto hakuja kulia. Walitaka ruhusa yangu, maana mimi ni mtoto wa kwanza. Nitawaambia jambo ambalo sikumwambia mtu siku ile. Maneno yao yalikuwa matamu kwangu. Ilikuwa rahisi sana kumtafuta mchawi ng'ambo ya mto kuliko kuutazama mtungi ule wa maji.

Kilichonizuia ni neno la baba mwenyewe. Mwaka 1974, alipokuwa kijana, alisikiliza kwa redio michezo ya Leopards wetu katika Kombe la Dunia huko Ujerumani Magharibi. Tarehe 18 Juni walifungwa magoli 9 kwa 0 na Yugoslavia, na watu wakaanza kutafuta msaliti: mwalimu wao Vidinić si ni Myugoslavia? Baba alituhadithia mambo hayo mara nyingi, na kila mara alikasirika. Alisema kwamba wachezaji wale walikuwa na uchungu moyoni kwa sababu ya malipo walioahidiwa wasiyapate, na kwamba mtu asiyetaka kuona mguu wake mwenyewe ulipoteleza humtafuta mchawi. Nikawaambia wajomba na baba wadogo: «Baba yetu ameuawa na ngiri, na sisi tulichelewa. Mimi wa kwanza.» Mmoja wao hakuzungumza nami mwaka mzima. Yule mzee wa ng'ambo ya mto alikuja siku ya tatu. Naye alikuwa mgonjwa, akaletwa kwa baiskeli.

Padri alifika mchana kwa pikipiki. Nilimwungamia kosa langu, kisha nikamwuliza kwa woga kama baba azikwe kando, bila Misa. Alinishangaa. Naye akanifundisha mambo ambayo sasa ninawafundisha ninyi.

Ulizo: Je, katekumeni aliyekufa bila ubatizo ni mtu wa Kanisa?

Jibu: Kanisa lamhesabu kuwa wake. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliamuru kwamba makatekumeni waliokufa bila ubatizo, pasipo kosa lao, wahesabiwe katika maziko kama waliobatizwa. Na sheria ya mwaka 1983 yawahesabu vilevile pamoja na waamini. Mababa wa Mtaguso wa Vatikano wa Pili walifundisha mwaka 1964 kwamba Mama Kanisa amekwisha kuwakumbatia makatekumeni kwa upendo kama watoto wake.

Ulizo: Aokokaje asiyepata maji?

Jibu: Mungu ameufunga wokovu na sakramenti ya ubatizo, lakini yeye mwenyewe hafungwi na masakramenti yake. Mtu aliyeutaka ubatizo kwa moyo wa kweli, akizitubu dhambi zake kwa mapendo, kisha akazuiwa na kifo, tamaa yake ile humpatia wokovu ambao hakuweza kuupokea kwa maji. Ndio huo tuuitao ubatizo wa tamaa.

Neno hili si jipya. Mwaka 392 Kaisari Valentiniano wa Pili alikufa kijana, akingoja kubatizwa, na dada zake walilia sana kwa sababu hiyo. Mtakatifu Ambrosi, Askofu wa Milano, aliwafariji katika hotuba ya maziko, akiwaambia kwamba neema aliyoiomba ndugu yao hakunyimwa. Tena tazameni karibu nasi, Uganda. Mwaka 1886 Mtakatifu Karoli Lwanga aliwabatiza makatekumeni wenzake, kati yao mtoto Kizito, kabla ya kupelekwa Namugongo. Lakini Mukasa Kiriwawanvu hakuwamo kati ya waliobatizwa. Alikufa katekumeni, naye alibatizwa kwa damu yake. Papa Paulo wa Sita alipowatangaza watakatifu wale 22, mwaka 1964, Mukasa alikuwa mmoja wao, na mpaka leo katika orodha yao hana jina la ubatizo. Baba yangu hakuwa shahidi, wala simlinganishi. Ninasema tu kwamba Kanisa halikuona haya kuweka altareni jina lisilo na jina la pili.

Baba alipogawa nyama ya mbuzi baada ya ushindi, wale wa akiba walipata sawa na waliocheza. Wachezaji walinung'unika, naye aliwajibu kwamba majina yao yote ameyaandika kwa mkono mmoja. Ninaukumbuka mfano huu kila ninaposoma majina yenu. Lakini mfano una mwisho wake. Kijana wa akiba aliyeitwa aingie, naye akaendelea kuketi kwa kuwa jua ni kali, huyo baba alimfuta. Kwa hiyo wewe unayesema, «Nitaacha mke wa pili mwakani, nitajifunza mwakani», usichukue kifo cha baba yangu kuwa kinga yako. Na wewe uliye na mgonjwa nyumbani, katekumeni au mtoto mchanga, naye yu katika hatari ya kufa, usingoje vazi jeupe. Maji yapo mtungini.

Sasa, kuwaombea. Katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo twasoma jinsi Yuda alivyokusanya fedha kwa watu wake akaipeleka Yerusalemu, sadaka itolewe kwa ajili ya dhambi za askari waliokufa; na chini ya nguo za askari wale zilikuwa zimeonekana hirizi za miungu ya uongo. Mimi nisomapo pale huikumbuka dawa chini ya goli, ile ambayo baba aliikubali miaka mingi kabla ya kuifukua. Sina haja ya kumfanya baba kuwa mtu asiye na dhambi ili nimwombee. Mtakatifu Monika naye, alipokufa Ostia mwaka 387, aliwaambia wanawe wasihangaike na mahali pa kuuzika mwili wake. Aliomba tu wamkumbuke altareni pa Bwana. Wenye kukopa fedha kwa ajili ya pombe ya matanga wamfikirie mama yule. Siku yenyewe ya tarehe 2 Novemba ilianza kwa Abati Odilo wa Cluny, karibu na mwaka 998, na mwaka 1915, katika vita vikuu, Papa Benedikto wa Kumi na Tano aliwapa mapadri wote ruhusa ya kusoma Misa tatu siku hiyo, kwa maana wafu walikuwa wengi mno.

Sisi nyumbani husali hivi: jioni, baada ya Rozari, mama hulitaja jina la baba, nasi husema Baba Yetu moja na Salamu Maria moja. Miaka miwili ya kwanza mama hakunitazama alipolitaja. Sasa hunitazama.

Majina ya marehemu yapokelewe kabla ya Dominika ya mwisho ya Oktoba, ili yawekwe altareni mwezi mzima. Asiyejua kuandika amwite mtoto wa shule. Mama yule aliyeniuliza, na wengine walio kama yeye, walete majina ya makatekumeni wao pamoja na ya Wakristu, katika karatasi ile ile. Asiye na jina la ubatizo aandikwe kwa jina alilopewa na wazee wake. Mimi baba nitamwandika hivyo.