Goli Moja, Mabenchi Manne

Muhula huu uwanja wetu umepata magoli ya chuma. Yale ya zamani, ya mbao, yamelazwa nyuma ya jiko yakingoja shoka. Nami naomba yasichanjwe upesi, maana kidato cha kwanza wangali wanaketi sakafuni wakati wa masomo ya jioni.

Natutazame hesabu. Goli la kanuni lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Mbao za magoli yetu ni za mraba, sentimita 10 kila upande. Kanuni hairuhusu zaidi ya 12. Mwamba wa juu hutoa vipande sita vya mita 1.20, na kinachosalia huliwa na msumeno. Kila kipande kikipasuliwa katikati kwa urefu, vinakuwa kumi na viwili. Vitatu vikipangwa ubavu kwa ubavu vyatosha kikalio kimoja cha kuketi watu watatu. Basi tunavyo vikalio vinne.

Miguu itatoka katika nguzo mbili, na hapa yatakiwa macho. Nguzo huanza kuoza pale inapotokea ardhini, ambapo unyevu na hewa hukutana, na mchwa hupandia papo hapo. Igonge kwa nyundo. Mti mzima hulia; ulioliwa hujibu kizito kama mfuko wa mchanga. Kata sentimita 20 juu ya mstari wa ardhi. Sehemu iliyobaki hutoa vipande vinne vya sentimita 45, navyo vikipasuliwa ni miguu minane. Kipande cha mwisho kipasuliwe mara mbili kiwe vishikizo vya chini ya vikalio.

Wachonga vinyago wa Newala nao huuchungua mti kabla ya kuuchonga. Katika mpingo hutafuta kiini cheusi, na weupe wa nje aghalabu huuondoa kwa tezo, kwa kuwa wadudu huupenda.

Wako wasemao ati mbao kuukuu hazifai. Kinyume chake, mbao mbichi hukauka ikiwa tayari ni benchi, ikajipinda na kulegeza maungo. Hizi zetu zimekwisha kukauka juani miaka mingi. Ila tafuta misumari iliyojificha, isije ikang'oa meno ya msumeno. Rangi ya zamani pia huweza kuwa na risasi, ambayo ni sumu: ikwanguliwe ikiwa imelowa maji, wala isichomwe.

Nyavu je? Zingeweza kusukwa kama kitanda cha kamba cha pwani, lakini nailoni iliyokaa sana juani hupoteza nguvu. Vuta uzi mmoja, ukikatika, ziache.

Magoli ni mawili, kwa hiyo mabenchi ni manane, watu ishirini na wanne. Wapishi nao wasinung'unike. Vipande vilivyokuwa ardhini havikupakwa rangi, navyo ni vyao.