Dondoo muhimu: Kutoka Kange hadi Nguvumali bila kupandishiwa bei

Ukishuka basi stendi ya Kange usiku, hasa ukiwa na watoto na mizigo, chukua teksi. Teksi za Tanga hazitumii mita, kwa hiyo patana bei kabla begi halijaingia kwenye buti. Likishafungiwa humo, dereva ndiye mwenye kauli. Uliza waziwazi: bei hiyo ni ya gari zima au ya kichwa? Na mizigo imo?

Mchana panda daladala. Kikomo cha nauli kimewekwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, kwa hiyo mgeni na mwenyeji wanalipa sawa. Soma njia iliyoandikwa kwenye gari, kisha mwambie konda mapema, “Nishushe Nguvumali.” Shika hela ndogo mkononi. Ukitoa elfu kumi asubuhi, utasubiri chenji hadi kituo kikupite.

Kwa mizunguko ya mitaani napendekeza bajaji, inakufikisha mlangoni. Ukielekea Ngamiani taja namba ya barabara, maana huko ndivyo mitaa inavyojulikana.

Bodaboda hubeba abiria mmoja tu. Dereva asipokuwa na kofia ngumu ya pili, mwache aende, chukua mwingine.