Usichome maboksi ya dukani, tandazia bustani ya mboga

Leo naongelea bustani, ila naanzia kwenye droo ya hela, maana ndiko mambo yalikoanzia.

Mwaka juzi duka langu hapa Tunduma lilianza kukauka. Wateja wapo, mauzo yapo, ila siku ya kufuata mzigo hela haitoshi. Nikamshuku mdogo wangu anayenisaidia kuuza. Nilimtolea maneno mbele ya mama, dogo akakaa wiki mbili hanisemeshi. Halafu nikaanza kuandika kwenye daftari kila shilingi inayotoka. Mwizi akaonekana: ni mimi. Kila jioni nachomoa 1,000 ya mboga. Hiyo ni 30,000 kwa mwezi, 365,000 kwa mwaka, na hapo sijataja vocha. Nilimtuhumu mbele ya mama, kwa hiyo na radhi niliiomba mbele ya mama.

Sasa, mboga lazima tule. Nyuma ya nyumba tuna kaeneo kadogo, ardhi ngumu, kokoto za ujenzi zimejaa, jembe linaruka. Na mimi nafungua saa 12 asubuhi, nafunga saa 3 usiku. Muda wa kulima nautoa wapi? Ndiyo nikajaribu bustani ya kutandaza. Hulimi. Unaweka chakula juu ya udongo, minyoo na wadudu wadogo wanashusha chini wenyewe na kuulainisha.

Msione ni kitu kigeni. Wamambwe, majirani zetu wa upande wa Zambia, wana kilimo chao cha zamani kinaitwa fundikila: nyasi zinafukiwa kwenye matuta, zinaoza, zinarutubisha shamba. Wao wanafukia kwa jembe, sisi tunatandaza juu. Kazi ya kuozesha ni ileile.

Mtaji mkubwa tunao tayari: maboksi. Ya sabuni, ya biskuti, ya mafuta. Toa selotepu na pini zote, na yale yanayong'aa kwa nailoni usitumie. Pima tuta upana mita 1, urefu mita 3. Upana usizidi hapo, maana unatakiwa ufike katikati kwa mkono bila kukanyaga. Ukikanyaga umerudisha ugumu. Fyeka majani yawe mafupi, usisumbuke kung'oa. Kama ardhi ni ngumu kama yangu, mwagia maji jioni, kesho yake toboatoboa na nondo. Kisha laza maboksi, yapandane kama sentimita 15 ili magugu yasipate mwanya wa kutokea, uyaloweshe mpaka yalegee. Juu yake weka samadi iliyooza au mboji, unene wa sentimita 10. Tuta langu lilikula viroba 5, nilinunua 2,000 kila kimoja na guta nikalipa 3,000. Jumla 13,000. Panda miche, halafu funika kwa nyasi kavu au maganda ya maharage, ila usizibe shina.

Sikilizeni hapa kwenye samadi, maana mara ya kwanza niliunguza kila kitu. Niliona samadi ya kuku ni ya bure kwa jirani, nikaiweka mbichi. Siku ya nne chainizi zote zimekauka kama zimemwagiwa maji ya moto. Samadi ya kuku ni kali, ilundike, ifunike, iache miezi mitatu. Ukiishika haina joto wala harufu kali, imeiva. Na maranda ya mbao usichanganye humo, mboga zitakuwa za njano.

Ndago hutoboa boksi, hiyo ng'oa kwa mkono kila ikichomoza, itachoka. Mchwa wanapenda maboksi makavu, kwa hiyo tuta likae mbali na ukuta wa nyumba na lisikauke. Kuku ndiyo balaa kubwa kuliko yote, dakika kumi wamechakura tuta zima. Mimi nilizungushia mabua ya mahindi.

Maji ya Tunduma mnayajua wenyewe. Ule mfuniko wa nyasi ndio unaookoa: kiangazi namwagilia kila baada ya siku mbili, na maji ya kuoshea mboga yanaenda hukohuko. Lakini kwa anayeanza, subiri mvua za Novemba. Nyasi na maganda yakusanye mapema, Juni na Julai watu wakipukuchua maharage, wengine wanachoma tu.

Mchicha nilianza kuchuma wiki ya nne. Chainizi ilichelewa kidogo, na ile baridi ya Juni inadumaza kila kitu, usiogope. Sukuma wiki chuma majani ya chini, acha kichwa, itakulisha miezi mingi. Tuta moja halikutosha watu watano. Nilipoongeza la pili ndipo mstari wa mboga kwenye daftari ulishuka, kutoka 30,000 hadi kama 8,000 kwa mwezi, nyingi ikiwa nyanya, maana nyanya zangu zilishikwa na ukungu wakati wa mvua na sijazirudia.

Mafungu yanayozidi tunaweka mezani mbele ya duka, 500 kila moja. Hela hiyo ni ya dogo, haiingii kwenye droo.